Mafuta ya Bangi ya Dadangu

Dadangu ni mwalimu mstaafu, na sijawahi kumwona akikubali jambo kwa kuambiwa mara moja. Mgongo wangu ulipoharibika kwa kuwainua wagonjwa wodini hapa Doha, alikata tikiti aje kunitazama. Siku ya safari alinipigia kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi, nami nikiwa kwenye metro naelekea kazini.

"Nimekubebea dawa ya mgongo," akasema. "Mafuta ya bangi. Nimeyatia kwenye chupa ya mafuta ya nywele, hakuna atakayejua."

Nilishuka kituo kisicho changu, nikasimama kando ya ukuta.

"Dada, huku hiyo ni jela. Itupe sasa hivi."

"Ni dawa. Kuna nchi ambako madaktari wanaiandika."

"Najua. Mimi ni nesi."

Na kweli nilijua. Kuna watoto wenye kifafa sugu wanaosaidiwa na dawa iliyotokana na mmea huo, na wagonjwa wa saratani wanaopunguziwa kutapika. Lakini hizo zimepimwa, na hutolewa na daktari mahali sheria inaporuhusu. Ya dadangu ilichemshwa na jirani yake kwenye sufuria ya chai. Nilimweleza hayo yote, nikarudia.

"Umekuwa mwoga sana tangu uende huko," akanijibu, akakata simu.

Nikampigia shemeji, mumewe, aliyekuwa amemsindikiza. Hakushika. Nikapiga tena na tena huku jasho likinitoka ndani ya kituo chenye baridi ya friji. Mwishowe akashika, ametulia kama mtu anayekunywa chai.

"Ile chupa niliitoa kwenye begi jana," akasema. "Nikaweka mafuta ya nywele ya kweli. Usimwambie kabla hajafika."

"Shemeji, si ungeniambia mapema?"

"Hukuuliza."

Nilichelewa zamu, nikakaripiwa na msimamizi mbele ya wenzangu.

Dadangu alipofika, hata chai hakunywa. Alinilaza kifudifudi, akaanza kunisugua. Chumba kizima kikanukia nazi.

"Unasikia inavyoingia?"

Nikamwambia ukweli. Mikono yake ikasimama mgongoni mwangu. Hakumpigia mumewe siku kadhaa, na mimi akanijibu kwa mkato.

Ijumaa, siku ambayo Wakristo wa huku husali, nilimpeleka kanisani mtaa wa Mesaimeer. Ibada ilipoisha nikamkuta amezungukwa na akina mama, akiwaeleza namna ya kuchemsha majani ya bangi, kwa sauti ile ya darasani, hatua chache tu kutoka kwa askari wa langoni. Nilimshika mkono, nikamvuta hadi kwenye basi.

Mgongo ulipata nafuu polepole, kwa mazoezi niliyofundishwa hospitalini. Dadangu alirudi nyumbani akawatangazia majirani kwamba yeye ndiye aliyeniponya kwa mikono yake. Wananipigia kuniuliza dawa gani ilitumika. Nimechoka kueleza.