Pointi Sita za Mwendo

Sahibu yangu alinipa habari ile huku anakula viazi karai, mdomo umejaa, kana kwamba ananiambia stima iliyokatika imerudi. "Shanzu nitapigiwa muziki na yule msichana wa Mikindani," akasema. "Wewe utampa biti, si ndiyo? Zote unazo wewe."

Nikasema sawa, tena nikamsogezea kibakuli cha ukwaju. Hiyo ndiyo tabia yangu: kadiri ninavyoungua ndani ndivyo ninavyozidi kuwa mkarimu nje. Aliondoka kibandani kwangu akiamini nimefurahi. Mimi nikabaki nimeikodolea macho karatasi yenye mafuta aliyoiacha juu ya kaunta, natamani kuichana vipande vipande.

Yeye ni rapa, na mimi nilikuwa dijei wake. Tulisoma darasa moja Kisauni, yeye Mgiriama wa kanisani, mimi mtoto wa madrasa, na tangu siku tuliyopanda jukwaani mara ya kwanza hapakuwahi kusimama mtu mwingine nyuma yake. Kila Jumapili baada ya alasiri sisi na vijana wenzetu hukutana kwenye uwanja mmoja wa kuoshea magari hapa Mishomoroni. Mwenye uwanja hufunga kazi saa tisa, sakafu ikiwa bado inateleza kwa sabuni. Mimi hutafuta pahali pakavu nikatandika meza yangu, spika mbili, mashine na kompyuta, vijana wakafanya duara na maiki ikaanza kupita mkono kwa mkono. Siku za kazi nakaa kibandani nawawekea watu nyimbo kwenye flashi: wenye tuktuk, vinyozi, na mama mmoja wa saluni anayetaka taarabu tupu, tena akisikia tangazo katikati hurudi kunigombeza. Kibanda kinanilisha. Uwanja ndio unaonifanya nijione mtu.

Wasiojua hudhani kazi ya dijei nyuma ya rapa ni kuwasha muziki na kutikisa kichwa. Mimi mistari yake naijua kuliko sala zangu, Mungu anisamehe. Kila ubeti una neno la mwisho ambalo ndilo lenye sumu, na hapo lazima biti ikatwe neno libaki tupu, watu walisikie, wapige kelele, ndipo ngoma irudi. Nikikata mapema nimeliua. Nikichelewa limezama. Yeye hakuwahi hata kugeuka kunitazama, kwa jinsi alivyokuwa na hakika nami.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakulijua hata yeye mwenyewe. Miaka ile ya mwanzo alikuwa anabeba magunia ya ngano kwenye godauni moja Changamwe, na vumbi lilimharibu kifua. Jumapili moja pumzi ilimkatika katikati ya ubeti wa pili. Aliinama, akakohoa mpaka akatoa machozi, na watu wakacheka. Nilisikia uchungu kama aliyechekwa ni mimi. Jumapili iliyofuata nilizishusha biti zake zote mwendo, pointi sita, kwa kile kijiti kilicho kando ya mashine ambacho huharakisha au kuchelewesha wimbo. Sikumwambia. Akaumaliza ubeti bila kukohoa, akainua mikono juu, na wallahi nilijiona kama nimemgawia pafu langu moja.

Biti ikishushwa hivyo huwa nzito kidogo, ngoma inaburuta miguu. Watu wakadhani ni mtindo. Wakauita uzito wa Kisauni, na madijei wawili wa Likoni walivuka feri kuja kuniuliza naupataje. Nikajitia hamnazo. Baadaye sahibu yangu aliacha magunia, akapata kazi ya bustani katika hoteli moja Shanzu, lakini kijiti changu kilibaki palepale chini. Nilipenda kujua kwamba bila mimi hafiki mwisho wa ubeti.

Sasa akaja huyu msichana. Wazazi wake ni watu wa bara, baba yake alikuja kufanya kazi bandarini, yeye amezaliwa na kukulia Mikindani. Alikuwa anapiga kwenye ukumbi wa vijana huko, na sahibu yangu alimsikia siku alipoenda kumtembelea shangazi yake. Akarudi amejaa sifa. Mikono yake! Masikio yake! Nilitafuta video zake kwenye simu nikazitazama zote, na kwa siku kadhaa nilikuwa na shughuli hiyo moja tu. Nilitafuta kosa. Niliona hedifoni zake ni za bei, nikasema ni za kujionyesha. Niliona anacheka akiwa kazini, nikasema hana umakini. Kosa la kazi sikulipata, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mamangu aliniona nimejikunyata na simu ukumbini, akaniita kutoka jikoni.

"Labeka, mama."

"Hata chai hunywi siku hizi. Umenuna kama mke aliyeletewa mwenzake."

Dada zangu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hasa. Nilikuwa naona gere, gere ya kunikosesha hamu ya chakula, na mwenye kuonewa gere hakuwa hata amenikosea adabu.

Shanzu palikuwa na jambo kubwa. Waandaaji wa ziara ya wasanii wa pwani nzima, kuanzia Kwale mpaka Lamu, walikuwa wanawasikiliza marapa kumi Jumamosi mchana kwenye bustani ya hoteli, kila mmoja na dakika zake ishirini, na mmoja tu ndiye angechukuliwa pamoja na dijei wake. Pamoja na dijei wake. Maneno hayo nilikuwa nayarudia hata nikiwa nawawekea watu nyimbo. Msichana yule akifanya vizuri, mahali pangu pangekuwa pake. Akiharibu, sahibu yangu angerudi kwangu. Hapakuwa na njia ya tatu, na sikutaka kuitafuta.

Msichana alikuja kibandani kuchukua biti siku ya Jumatatu, wiki mbili kabla. Aliniamkia, "Shikamoo." Mimi! Nina miaka thelathini na mbili, na kichwani sina mvi hata moja. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya babu. Alikuwa na daftari na kalamu, akavuta kigoda akaketi.

Madijei wa huku tuna desturi yetu. Biti nzuri hatuiachi na jina lake, maana mtu akichungulia kioo cha kompyuta yako Jumapili hii, Jumapili ijayo utaisikia Likoni. Kila mmoja ana namna yake ya kuficha. Mimi zangu nimezipa majina ya mboga: bamia, mchicha, biringani, kisamvu. Aliposoma orodha kwenye flashi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hii imeenda, mkubwa," akasema. "Sasa biringani ni gani?"

Nikamweleza. Biringani ndiyo ile ya wimbo wa kufungulia wa sahibu yangu, kisamvu ni ile ya wimbo wa mama yake. Nikamwonyesha maneno ya kukatia, moja baada ya moja, naye akayaandika yote. Nilimwambia kwenye ubeti wa tatu sahibu yangu hupenda kurudia mstari akiona watu wamechangamka, kwa hiyo asiwe na haraka ya kurudisha ngoma. Nilikuwa mwalimu mzuri, nakiri, na kwa muda mfupi nilisahau kwamba simpendi. Aliuliza maswali ambayo ningeuliza mimi.

Mwisho akafunga daftari. "Kuna kitu kingine nafaa kujua?"

Kwenye flashi biti zilikuwa na mwendo wake wa asili. Pointi sita hazikuwamo humo, zilikuwa kwenye mkono wangu. Ningesema maneno manne tu. Nilimtazama usoni, nikaona amekaa kama mtu anayeniamini, nikamwambia, "Hakuna."

Wiki mbili zile niliishi kwa raha ya ajabu. Nilikunywa chai. Nilimkaribisha sahibu yangu kibandani na kumtakia kila la heri, na alipokuwa akiondoka kwenda mazoezini Mikindani nilikuwa nampungia mkono kama mzazi. Sikumwuliza mazoezi yanaendaje. Nilijiambia sitaki kuwaingilia, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kusikia jibu. Nilikuwa nimekwisha kuiona siku ile kichwani: ubeti wa pili, anainama, anakohoa, anageuka kumtazama aliye nyuma yake, na aliye nyuma yake si mimi. Halafu ananitafuta katika watu. Hapo ndipo nilipokuwa napenda kusimamisha picha.

Jumamosi ikafika. Bustani ilikuwa imejaa, jua kali, watu wamejibanza kwenye vivuli vya minazi na waandaaji wako chini ya turubai na chupa zao za maji. Nikasimama kando, karibu na spika ya kushoto. Sahibu yangu alipanda wa sita, kavaa shati jeupe nililomsaidia kuchagua mimi. Msichana alikuwa nyuma, hedifoni sikio moja. Akawasha biringani.

Ilikuja mbio. Nilikuwa nimesahau kabisa jinsi biti ile inavyokimbia ikiachwa kama ilivyotengenezwa. Ubeti wa kwanza akaupita. Nikasema mwache, bado. Ubeti wa pili ukaanza, nikaanza kuhesabu mistari kwa vidole mfukoni, na nitasema wazi nilichokiomba pale: niliomba akohoe. Mtu niliyekula naye sahani moja tangu utotoni, nilisimama juani nikiomba kifua chake kimsaliti mbele za watu.

Akafika kwenye mstari ule uliomwangusha siku ile. Akaupita. Akaupita kama hakuna kitu, sauti imesimama, maneno yanaanguka juu ya ngoma moja moja bila kugusana, na kwenye neno la mwisho msichana akakata, papo hapo, wala si mapema wala si kuchelewa. Bustani ikalipuka. Mmoja wa wale waandaaji alisimama na chupa yake mkononi. Mimi nimemsikia rafiki yangu Jumapili mamia na sijawahi kumsikia namna ile. Alikuwa mwepesi. Alikuwa kijana. Nikajua sasa kwamba ule uzito wa Kisauni niliokuwa nasifiwa nao alikuwa akiubeba yeye.

Walichaguliwa wao. Walipotaja jina lake nilipiga makofi pamoja na wengine, nikawa napiga kwa nguvu kuliko wote.

Alinikuta nyuma ya jukwaa, taulo shingoni. Akanikumbatia, jasho lake likanilowesha fulana. Nikasema, "Biti zilikuwa na kasi."

"Ndivyo zilivyo," akasema. "Siku ya kwanza Mikindani nilishtuka, nikamwambia mbona unanikimbiza. Akaniwekea rekodi yetu ya uwanjani, halafu akaniwekea ile ya flashi. Akanionyesha na namba kwenye kompyuta. Pointi sita. Ulikuwa unanishushia."

"Kwa sababu ya kifua chako."

"Najua ni kwa sababu ya kifua." Hakuwa na hasira, na ningetaka awe nayo, kwa sababu hasira ningeweza kuijibu. "Kifua kilipona zamani, ndugu yangu. Tangu niache magunia. Kila asubuhi nakwenda kazini kwa baiskeli, Kisauni mpaka Shanzu. Hukujua?"

Nilijua habari za baiskeli. Sikuwahi kuziunganisha na kifua, au sikutaka.

"Hukuniuliza," akasema. Kisha akatazama chini, akafuta uso kwa taulo, akataja lile nililokuwa naomba asilifikie. "Na yeye hukumwambia."

Msichana alikuwa hatua chache kutoka pale, anakunja nyaya zake taratibu, mgongo ametugeuzia. Sijui kama alikuwa anatusikia. Hapo ndipo pa kuomba radhi, kwake na kwa yule mwingine, na maneno nilikuwa nayo, hayakuwa mengi. Lakini roho yangu bado ilikuwa inafukuta, na kilichotoka mdomoni ni kitu kingine.

"Yeye alikuuliza?" nikasema. "Habari za kifua?"

"Siku ya kwanza," akasema. "Kabla hajawasha mashine."