Anayekanyagwa

Juzi, uwanjani Bagira, mjukuu wangu alikanyagwa mguu, akamfokea aliyemkanyaga. Nikamkumbuka papa, baba yangu.

Alasiri moja wakati wa ukoloni, nikiwa mtoto, wafanyakazi wa kiwanda walicheza mpira na mabwana wao Wazungu. Nyasi zilinukia mvua. Wazungu walivaa viatu vya njumu. Papa na wenzake walicheza miguu mitupu. Bwana wake alimkanyaga, ukucha ukang'oka.

“Pardon, monsieur,” papa akasema, akitabasamu.

“Papa yako iko na roho ya muzuri,” maman aliniambia, bila kunitazama.

Nikadhani ndiyo sheria ya mpira: anayekanyagwa ndiye anayeomba radhi. Nikaishi hivyo kazini, nikaishi hivyo katika ndoa. Leo najua haikuwa sheria ya mpira.

Lakini juzi, kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshamwita mjukuu: “Omba pardon, mutoto wangu.”