Mama Aliyekatwa Kwenye Picha

Fundi wa video yule walimwita Gandisha, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Mtindo wake ulikuwa huu: bibi harusi akiingia ukumbini, Gandisha anaisimamisha picha, anamkata bibi harusi kufuata ukingo wa shela, unywele kwa unywele, kisha nyuma yake anabadilisha dunia. Mara maporomoko ya maji, mara bustani ya waridi, mara theluji, na bibi harusi kaganda na tabasamu lake. Halafu anamwachia, anaendelea kutembea. Watu walipiga vigelegele utadhani wamefika huko kwenye theluji.

Asubuhi hii dukani hapakuwa na kigelegele. Mama yake alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, na mdogo wake wa kike, kitinda mimba, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Alitaka kitu kimoja tu, kumwona mama akitembea. Picha za mnato zilikuwepo mbili, zote mama kakunja uso. Marehemu alikuwa akiona kamera anakimbilia jikoni. Mara moja tu alikosa pa kukimbilia, kwenye harusi ya kitinda mimba huyu huyu, na aliyepiga video yake na kuihariri ni Gandisha.

"Fungua basi, kaka."

Alifungua, japo alijua. Siku ile mama alitoka jikoni na kitambaa kiunoni, akamshika binti yake mkono, akaongozana naye ukumbi mzima. Gandisha alipokaa kuhariri, sifa zimempanda kichwani, akaona kile kitambaa chenye masizi kinamharibia kazi. Basi kila mama alipojitokeza, aligandisha. Mama akaenda, maporomoko yakaja.

Video ilipokamilika, mama mwenyewe aliitazama mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, mbona mimi sijioni?"

"Na wewe mama!" Gandisha alimjibu. "Kwani bibi harusi ni wewe?"

Watu walicheka, na mama akacheka nao. Kicheko hicho ndicho kinachomtafuna Gandisha sasa, akila, akioga, akifunga viatu.

"Ile ya mwanzo iko wapi? Kabla hujakata?" mdogo wake aliuliza.

"Nilifuta."

Harusi za wateja aliziwekea nakala mwezi mzima. Ya nyumbani aliifuta siku ile ile ili kompyuta ipate nafasi, maana wa nyumbani hawana malalamiko. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa kashazaliwa na meno yote.

Walitazama dakika arobaini. Kwenye theluji waliviona vidole vinne vya mama kwenye kiwiko cha bibi harusi. Vilikuwa vimeing'ang'ania nguo, Gandisha akashindwa kuvitenganisha. Mdogo wake alivigusa kwenye kioo. Gandisha alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya, uso tumeukosa, basi," mdogo wake alisema, akijifuta machozi. "Sauti je? Mama aliimba pale mlangoni, kaka. Aliimba mpaka koo likamkauka. Hebu ongeza sauti."

Gandisha hakunyanyua mkono.

"Niliweka muziki."

"Juu ya sauti yake?"

"Badala yake."