Kidole cha Mteja

Fundi simu hamkabidhi mteja simu yake mpaka akifute kioo kipya kwa pindo la shati, mara mbili. Kisha husema, "Ijaribu," na kuinamisha kichwa kama anayetafuta skrubu iliyoanguka. Hatafuti kitu. Anatazama kidole gumba cha mteja kinakimbilia wapi kwanza. Miaka yote kilikimbilia mtandao mmoja wa kijamii, wazee kwa vijana. Siku hizi huo huguswa mwisho, au husahauliwa kabisa. Asubuhi moja shemeji yake, aliyeleta simu iliyopasuka kioo, alimwegemea mezani akihema kwa furaha. "Shemeji, wenye mtandao ule wanauza hisa! Nauza kile kiwanja chetu mimi na dada yako, natia pesa zote humo. Nani hayumo mle?" Fundi alikaza skrubu ya mwisho, akapuliza vumbi, akafuta mara mbili. "Ijaribu kwanza." Gumba la shemeji likaruka moja kwa moja hadi mtandao mwingine, likaanza kuteleza juu chini. Fundi akachekea puani. "Kiwanja kiache hapohapo, shemeji. Unataka kununua nyumba ambayo kidole chako kimeshaihama."