Swali la Nyongeza

Kwetu mlimani urithi hauna mjadala mrefu. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, na kitinda mimba anabaki na nyumba ya baba na kihamba kidogo kinachoizunguka, mama akiwa humo. Wa katikati anaambiwa ana akili, akasome. Mimi ni wa katikati.

Nilisoma kweli. Nikawa karani, kisha nikafungua steshenari Pasua, huko mjini, ambako mpaka leo natoa kopi na kuwachapia watu barua za kuomba kazi na za kuombana radhi. Baba alipofariki, kaka alipata shamba, mdogo wangu akapata nyumba, na mimi, mbele ya ukoo mzima, nikakabidhiwa faili. Baba alikuwa mzee wa mfongo, msimamizi wa ule mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani, na kwenye faili hilo alitunza kila karatasi iliyohusu maji yetu. Walisema wamenipa mimi kwa sababu ndiye ninayejua kusoma mambo hayo. Nilishukuru kwa adabu, nikateremka Pasua na urithi wangu kwenye mfuko wa plastiki, roho inaniuma.

Mdogo wangu aliishia darasa la saba. Akawa mpagazi, akibeba mizigo ya watalii hadi alipopandishwa kuwa kiongozi wa safari. Ni mtu wa kucheka na kila mtu. Ukimkuta njiani amebeba mkungu wa ndizi, ujue si wake, ni wa bibi fulani aliyekutana naye. Mimi nikikutana na bibi mwenye mkungu, namwamkia shikamoo na kuendelea na safari yangu.

Udiwani wa kata yetu niliutamani mimi kwanza. Nilichukua fomu mara mbili ndani ya chama, na mara zote mbili wajumbe waliniambia kwa mdomo, wengine wakiwa wamenishika mkono, kwamba kura yao ninayo. Sijui walikwenda kuziweka wapi. Baadaye nilisikia maneno waliyosema nyuma yangu: huyo anakaa mjini, kihamba hana, atatusemea nini sisi? Uchaguzi uliofuata akachukua fomu mdogo wangu, akapita kama anateremka mteremko. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na mke wangu anaweza kushuhudia kwamba mwaka ule nilitoboa mkanda matundu mawili mapya.

Kitu kibaya zaidi ni kwamba alikuja kwangu. Alikuja Jumatatu ya kwanza baada ya kuapishwa, kabeba ndizi na maziwa kutoka kwa mama, akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Shikamoo kaka. Aisee, mimi mambo ya kuandika unanijua. Wewe ndiye kichwa. Nisaidie."

Nikamsaidia. Utaratibu wa baraza la madiwani ni huu: diwani anapeleka swali lake kwa maandishi, siku ya kikao wataalamu wanalijibu, halafu diwani anaruhusiwa kuuliza swali moja la nyongeza papo hapo. Swali la msingi kila mtu anaweza kuliandika. Jibu lake mara nyingi ni "suala hilo linafanyiwa kazi", na lisipokuwepo la nyongeza, mambo yanaishia hapo. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakisia mtaalamu atajibu nini, nikimwandikia mdogo wangu swali la nyongeza kwenye kikaratasi. Alikiweka mfuko wa shati. Jibu likishatolewa, anakitoa, anakisoma polepole, ukumbi unatulia.

Tulipata daraja la kwenda zahanati kwa njia hiyo. Tulipata mwalimu wa hesabu. Jumapili baada ya misa, watu walimzunguka nje ya kanisa wakirudia sentensi zangu neno kwa neno, "diwani wetu ana kichwa," na mimi nimesimama palepale nimeshika kofia yangu. Krismasi mbuzi alipochinjwa, kidari, kipande cha heshima, kikaenda kwake. Alinikatia nusu. Nusu ile ilinikaa kooni kuliko kama asingenipa kabisa.

Kisha mvua za masika zikabomoa banio, pale msituni mfongo wetu unapochukulia maji mtoni. Kwa desturi yetu, banio likivunjika kila nyumba inayokunywa mfongo huo inatoa mtu na jembe, na walitoka wote, wakapanga mawe na magogo ya migomba. Mto ukayabeba. Wakapanga tena, ukabeba tena. Palihitajika saruji na fundi, na bila hivyo vihamba vya chini visingeona maji kiangazi chote. Wanawake walianza kuteremka korongoni na ndoo kwa ajili ya ng'ombe, maana ng'ombe wetu wanafungwa zizini na kila tone wanaletewa. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa akienda mara nne kwa siku.

Mdogo wangu akaja Pasua. Nilimwandikia swali: halmashauri ina mpango gani wa kutengeneza banio lile katika bajeti inayokuja? Akalisoma, akanitazama.

"Wakisema banio liko ndani ya hifadhi ya msitu, hawana ruhusa ya kujenga?"

Nilishtuka. Hilo hasa ndilo jibu nililokuwa nalitarajia, na sikujua kwamba ameanza kufikiri mwenyewe.

"Kwenye faili la baba hakuna karatasi ya ruhusa?" akauliza. "Mama anasema baba aliwahi kuifuatilia."

Ilikuwepo. Ilikuwa karatasi ya nne kutoka juu, ina mhuri wa watu wa misitu, inawaruhusu wananchi wa mfongo ule kulijenga banio lao kwa saruji. Niliijua kama ninavyojua Baba Yetu. Lakini wakati ule niliona kihamba kimekwenda, nyumba imekwenda, mama amekwenda, udiwani umekwenda, sentensi zangu zimekwenda, na sasa huyu amekaa kwenye stuli yangu anataka na faili.

"Hakuna," nikasema.

"Umeangalia vizuri, kaka?"

"Mimi ndiye niliyepewa. Ingekuwepo ningeijua."

Aliamini. Alinishukuru. Na la nyongeza sikumwandikia. Nilimwambia safari hii halitahitajika, jambo lenyewe liko wazi.

Siku ya kikao nilifunga duka, nikaenda kukaa kwenye viti vya wananchi nyuma ya ukumbi. Sitajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nilikwenda kumwona akianguka. Nilitaka mara moja tu watu wamwone bila mimi.

Swali likasomwa. Mtaalamu akasimama, mtu mpole mwenye miwani, akajibu kwamba halmashauri inatambua tatizo hilo, ila banio liko ndani ya mpaka wa hifadhi, na bila kibali cha maandishi haiwezi kutenga fedha. Kata ikileta kibali, litafikiriwa katika bajeti nyingine. Mwenyekiti akauliza kama Mheshimiwa ana swali la nyongeza.

Mdogo wangu alipeleka mkono mfukoni mwa shati. Mfuko ulikuwa mtupu. Akageuka nyuma, akatafuta viti vya wananchi mpaka akaniona. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni tukivuka mto, akisubiri nimwambie akanyage jiwe lipi.

Nikatoa simu, nikaanza kuisoma. Haikuwa na ujumbe wowote.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "sina swali la nyongeza."

Diwani mmoja akacheka kidogo, wakaendelea na kata inayofuata. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wazee, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni. Nilitegemea kufurahi. Nilifurahi, sitadanganya, lakini furaha yenyewe haikufika hata kituo cha mabasi.

Wiki ile akaitisha mkutano wa kijiji kutoa taarifa, nami nikapanda. Watu walikuwa wamekasirika. Mama mmoja wa vihamba vya chini alisimama akasema ameuza ng'ombe wake wa maziwa, kwa sababu mgongo wake umekataa korongo, na ada ya mtoto ilikuwa inatoka kwenye maziwa hayo. Alisema bila kupaza sauti, akakaa. Mwingine akasema diwani amelewa sifa. Mwingine akasema huyu tulimtuma kusema, amekwenda kunyamaza.

Nilikaa nikisubiri mdogo wangu ajitetee. Nilijua atakachosema: kaka hakuniandikia. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, refu na zuri.

Akasimama, mikono nyuma. "Wazee wangu, mama zangu, kosa ni langu. Nilitakiwa kutafuta kibali kabla ya kwenda, sikutafuta vya kutosha. Nilipoulizwa, sikuwa na la kusema. Msimlaumu mtu mwingine."

Mzee mmoja, rafiki wa baba, akanyanyuka akiegemea fimbo na kuninyooshea mkono.

"Na huyu? Baba yake alikuwa mtu wa mfongo, na huyu ndiye aliyesoma. Kwa nini hatukumpeleka huyu? Tulisema hana kihamba. Haya, kihamba kimetusemea nini?"

Watu wakageuka kunitazama. Miaka yote nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo, na yalikuwa matamu kama nilivyodhani. Shemeji yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele, viganja vimechubuliwa na mshikio wa ndoo. Yeye hakugeuka.

"Mzee amesema kweli," akasema mdogo wangu. "Hata mimi nasema hivyo siku zote. Uchaguzi ujao agombee kaka, mimi nitamzungusha nyumba kwa nyumba. Fomu nitakwenda kumchukulia mwenyewe."

Hakukuwa na kejeli ndani yake. Nilimchunguza vizuri, kwa sababu ningeipata kejeli ningepona. Hata siku ya kushindwa alinishinda, na wivu ulionipata pale ulikuwa mkali kuliko wa kihamba, kuliko wa nyumba na mama.

Wakaanza kupiga makofi, wakisema nisimame. Nilisimama nikiwa nimekusudia, nasema mbele ya Mungu, kuwaambia kwamba kibali ninacho mimi, kiko Pasua, na kesho asubuhi kitakuwa hapa. Nilimwona yule mama aliyeuza ng'ombe. Alikuwa anapiga makofi na yeye.

"Nawashukuru," nikasema. "Nitalifikiria."