Kofia ya Inspekta

Niliacha simiti ya kalvati ikauke kwa sababu nilikuwa nikikagua punda. Kalvati la zamani lilibebwa na mafuriko, na likizo ile ya shule inspekta wa barabara alinipa kazi yangu ya kwanza: kulowesha magunia yaliyofunika simiti mbichi, kutwa nzima, isije ikakauka haraka ikapasuka, maana jua la Garissa halina huruma. Akanipa na kofia yake ya plastiki. Nikaivaa, nikasimamisha mikokoteni ya maji, nikawauliza wenyewe, "Huyu punda ana leseni?" Watoto wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Inspekta alipofunua magunia alikuta nyufa. Akamgeukia fundi aliyeichanganya simiti, mtu wa bara anayekunywa chai kwa hooyo, mama yangu. "Umejaza mchanga kwenye simiti. Kesho usije."

Fundi aliapa hakujaza. Mimi nilirudi kulowesha magunia, kofia kichwani.

Jioni fundi akaja kumuaga hooyo, arudi kwao bara. Alipotoka, nilitua kikombe cha chai, nikaeleza yote. Hooyo hakunipiga. Alifunika birika, akajitanda shali, akasema, "Vaa kofia yako, mkaguzi. Tunamfuata fundi kabla hajapanda gari, halafu twende kwa inspekta, na utaongea wewe."