Kurasa za Pongezi Zilivyomponza Mtabiri wa Oke-Ado

Saa kumi na mbili asubuhi basi la kutoka Lagos linapunguza mwendo tu, halisimami. Kondakta anarusha furushi la magazeti kando ya barabara ya Oke-Ado, jijini Ibadan, na Modinat Arowolo analiokota kabla vumbi halijatulia. Anakata kamba kwa meno. Anayapanga magazeti juu ya meza ya mbao, kisha anayawekea mawe yasipeperuke.

Anafanya haya yote bila kuinua uso.

"Zamani nilikuwa napanga huku nawaita wapita njia kwa majina," anasema. "Sasa napanga kama mtu anayeuza vitu vya wizi."

Wiki tatu zimepita tangu uchaguzi wa magavana. Ukurasa wa mbele leo una picha ya magavana wateule wa Chama cha Kibuyu, wamejipanga safu mbili kama timu ya mpira. Modinat analifunika gazeti hilo kwa gazeti la michezo. Haisaidii. Dereva wa bodaboda anapita akipaza sauti: "Mama Jembe! Leo tumepata majimbo mangapi?"

Modinat analiongezea gazeti la michezo jiwe jingine.

Modinat, mwenye umri wa miaka 53, ameuza magazeti hapa tangu alipokuwa na mimba ya binti yake Simbiat, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari. Kuna miaka alimaliza nakala mia mbili kabla ya adhuhuri. Siku hizi, habari zikiwa zimehamia kwenye simu, akiuza arobaini anamshukuru Mungu. Kila nakala humwachia kama naira mia moja.

Kilichombakiza barabarani ni wasomaji wa bure. Hao ni wastaafu na vijana wasio na ajira wanaosimama mbele ya meza, wakasoma vichwa vya habari bila kununua, wakabishana mpaka jua liwafukuze. Wana hata mwenyekiti wao, Mzee Fagbenro, karani mstaafu wa reli. Hawatoi senti, lakini mwenye gari akiona watu wamejazana husimama kuuliza kuna nini, na huyo ndiye anayenunua.

Msimu wa uchaguzi ukifika, ubishi wao huwa mmoja: chama gani kitanyakua majimbo mengi?

Modinat alikuwa na njia yake ya kujibu. Nchini hapa mkubwa hatimizi miaka sitini wala hamziki mama yake kimyakimya. Wenye fedha hununua ukurasa mzima wa gazeti, wakaweka picha yake na maneno matamu. Modinat alikuwa akihesabu kurasa hizo, mgombea kwa mgombea, jimbo kwa jimbo.

"Tajiri hatupi fedha kumpongeza mtu anayekwenda kuanguka," anaeleza. "Ana habari ambazo mimi na wewe hatuna. Mimi nilikuwa namchungulia tu mfukoni."

Chaguzi mbili mfululizo alipatia. Baada ya ile ya pili, redio moja ya hapa mjini ikamwalika. Mtangazaji akamuuliza anajuaje, naye akamwaga yote hewani.

"Nilijiona profesa," anasema, na kujifunika uso kwa ncha ya kilemba chake.

Safari hii kurasa za pongezi za Chama cha Jembe zilifurika. Wagombea wake walipongezwa kwa siku za kuzaliwa, kwa mahafali ya watoto, hata kwa kupona malaria. Modinat akarudi redioni na kutangaza kwamba Jembe litachukua majimbo mengi, tena bila kutoka jasho. Mtaa ulimwamini. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, Bayonle, aliweka kando kazi nyingine zote akashona majoho mapana thelathini ya agbada, yenye rangi za Jembe, tayari kwa sherehe za ushindi.

Kura zilipohesabiwa, Kibuyu kilizoa zaidi ya nusu ya majimbo, na hili la kwao likiwemo.

Siku chache baadaye, mpiga debe mmoja wa Jembe alisimama kununua gazeti. Modinat alimuuliza ilikuwaje. Yule bwana alicheka sana. "Mama, kurasa zile tulizilipia wenyewe. Si ulitufundisha redioni?"

Hilo pekee lingeweza kupita kama kichekesho. Kilichokataa kupita ni mchele.

Siku mbili baada ya utabiri wake, gari la Jembe lilisimama mbele ya meza yake na kushusha magunia mawili yenye picha ya mgombea. Hakuwa ameyaomba. Hakuyarudisha pia. Aliwapikia wasomaji wake wali wa jollof papo hapo barabarani, na mmoja wao akapiga picha. Jembe lilipoanguka, picha ile ikazunguka katika simu za mji mzima: Mama kanunuliwa kwa mchele.

"Niliupokea," anasema polepole. "Hapo ndipo panaponiuma. Lile gari liliposimama nilitazama kwanza kama majirani wanaona. Nikasema moyoni, leo nami ni mtu."

Aibu imefika hadi shuleni kwa Simbiat. "Wali ukipikwa, walimu wenzangu wananiambia, 'Msalimie mama,'" anasema binti huyo, aliyepita kumletea mama yake uji na akara, zile bagia za kunde. "Mimi namwambia aombe radhi yaishe. Neno moja tu, Mama. Kwani utakufa?"

"Nipe huo uji, uende kazini," anajibu mama yake.

Wasomaji wa bure wamegoma. Wamempa mpaka leo: aombe radhi, la sivyo wanahamia meza ya magazeti iliyo karibu na kituo cha mafuta. Tangu wagome, mauzo yake yameshuka hadi nakala kumi na tano kwa siku. Wakihama moja kwa moja, Modinat anajua hana sababu ya kulisubiri basi la asubuhi.

Saa mbili wanawasili, kundi zima, Mzee Fagbenro mbele na fimbo yake. Bayonle haanzi kwa salamu.

"Agbada thelathini, Mama Simbi! Nimvike nani, mbuzi?"

"Kwanza atuambie mchele ulikuwa kilo ngapi," anadakia Lasisi, kinyozi.

"Wewe Lasisi unaulizia kilo?" Sauti inatoka nyuma. "Si ulirudia sahani mara tatu?"

Kicheko kinapasuka. Mzee Fagbenro anagonga fimbo chini mpaka kinatulia.

"Mama Simbi, hatukuja kukuvunjia heshima. Sema tu: 'Nilikula chao nikawadanganya, nisameheni.' Tunarudi leo leo, na atakayekucheka atakuwa ananicheka mimi."

Modinat anamgeukia Bayonle kwanza.

"Bayonle, nikikuona nakosa pa kuweka macho. Niliringa. Nilisema kama mtu aliyekwisha kuiona kesho, wewe ukakata kitambaa. Nilichezewa, na hasara ikaja kwako. Aibu hiyo ni yangu, nalala nayo, naamka nayo."

Bayonle anatazama viatu vyake. "Basi si useme hilo neno, Mama."

"Na utabiri je? Umekoma?" Lasisi anachokoza.

"Sikomi. Uchaguzi ujao nitahesabu kitu kingine, na hakuna redio itakayojua ni kitu gani."

Kisha anazunguka meza. Mbele ya Mzee Fagbenro anapiga magoti yote mawili vumbini, kama mwanamke wa Kiyoruba anavyomsalimu mkubwa wake, na kama anavyofanya pia akikiri kosa. Kundi linashusha pumzi. Mtu anainua simu kupiga picha. "Afadhali," ananong'ona Bayonle.

"Umeamkaje, Mwenyekiti? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mwanangu. Haya, endelea."

"Nimemaliza. Nimepiga magoti kukusalimu, umri wako unastahili. Nilikosea hesabu, na nimeaibika mbele yenu wote, hilo sikatai. Lakini sikununuliwa. Mchele ulikuja nikiwa nimeshasema, na wewe mwenyewe ulibeba mwingine kwenye hotipoti." Anasimama na kukung'uta vumbi. "Mkitaka kituo cha mafuta, njia ni ile. Radhi siombi."